Ua la Pasaka Sebuleni kwa Memsabu

Kericho, 9 Aprili 1934

Kwa dada yangu Beldina,

Pokea salamu nyingi. Mimi mzima, baridi ya huku tu ndiyo inanionea. Mama na mguu wake je? Na wewe na bustani ya misheni?

Lile ua jeupe ulilonipa baada ya Pasaka lilifika salama katika mkebe wake. Memsabu alilipenda mpaka akalitoa chumbani kwangu, akaliweka sebuleni.

Lakini hapa hakuna amani. Memsabu ana paka watatu, na mmoja amekufa. Alitapika, akakataa maziwa, akaisha. Bwana anasema mpishi wetu Kebaso amemtilia sumu, kwa sababu huwafukuza paka jikoni kwa mwiko. Memsabu anasema hapana, amesoma kwamba iko mimea ya ndani inayodhuru paka. Ameniambia nichague: iliyo salama ibaki, yenye sumu itoke. Dada, nyumba hii ni msitu! Mimi mtu wa kufagia nitajuaje? Na paka mwingine akifa, Kebaso anafukuzwa, naye ndiye aliyeniombea kazi hii. Nisaidie.

Ndugu yako, Kepher

Misheni, 16 Aprili 1934

Ndugu yangu Kepher,

Sisi wazima, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Wewe uliyekuwa ukikwepa kupalilia, leo umepewa bustani ndani ya nyumba! Nimecheka mpaka mama akaniuliza kuna nini.

Fanya kama tunavyofanya na malisho ya mbuzi: vunja jani. Likitoa maziwa, kama ule mti wa ojuok unaozunguka boma letu, tupa nje. Lisipotoa, acha. Ua langu halina maziwa, tena limesimama mbele ya madhabahu Pasaka nzima. Hilo usiliguse.

Dada yako, Beldina

Kericho, 30 Aprili 1934

Dada,

Nakusalimu wewe na mama, ingawa kichwa changu kimevurugika. Nilivunja majani yote. Yenye maziwa nikatupa, na Memsabu akanisifu. Ua lako nikaliacha.

Paka wa pili amekufa juzi. Kebaso ameondoka na sanduku kichwani, hata hakunitazama. Nadhani anaamini mimi ndiye niliyepeleka maneno kwa Bwana.

Jambo moja silielewi kabisa. Pua ya yule paka ilikuwa na vumbi la manjano. Nilifikiri ni kiini cha yai, lakini siku hiyo hatukupika mayai. Limetoka wapi?

Ndugu yako, Kepher

Misheni, 7 Mei 1934

Kepher ndugu yangu,

Uko salama? Nimesoma barua yako, nikakaa chini. Vumbi hilo nalijua. Linatoka katikati ya ua langu. Limenichafulia kitambaa cha madhabahu, na sabuni hailitoi. Paka likimwangukia atalilamba akijisafisha. Sasa nakumbuka mke wa padri alikataa ua hilo lisiingie kwake, kwa ajili ya paka wake. Mimi nikadhani ni maringo.

Sijui nikuambie nini. Ukisema utafukuzwa. Usiposema, Kebaso atabaki na jina la mtia sumu. Naogopa, na kosa ni langu.

Dada yako, Beldina

Kericho, 21 Mei 1934

Dada,

Hujambo, na mama hajambo? Mimi mzima, ila sina kazi.

Nilimwambia Memsabu yote. Hakupaza sauti. Alilibeba lile ua nje mwenyewe, akarudi na vidole vya manjano, akalia. Kebaso ameitwa arudi jikoni, mimi nimeambiwa niende. Kebaso alipofika alinishika mkono, kisha akaniuliza mbona nilichelewa.

Mpaka sasa sielewi kama Memsabu amenichukia au amenishukuru. Asubuhi hii amenipa kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Paka wake wa mwisho yumo ndani. Amesema kwake hana raha tena, afadhali nimchunge mimi.

Nitafika Jumamosi, naye pia. Tafadhali dada, yale maua yako meupe ya dirishani yatoe nje kabla hatujaingia.

Ndugu yako, Kepher