Kwa Mpishi Aliyelea Mbuzi Nyuma ya Jiko la Shule

Mwaka umetimia, mdogo wangu, tangu ulipoweka mwiko chini ukasema unapumzika kidogo. Kidogo gani hiki? Nimesubiri uje uwaseme watu kwa mdomo wako, nimechoka. Nawasema mimi.

Wasiokujua wakujue. Ulipika shule ya msingi miaka kumi na tisa. Ulivaa viatu vya mvua hata kiangazi, eti mvua ikija ikukute tayari. Watoto walikuita Mama Ukoko, maana ukoko wa chungu uliwakwangulia wasichana waliotoka mbali, huku umempa mgongo mwalimu mkuu asione.

Ukame ulipokaza, wanaume wakahama na ng'ombe kufuata majani. Nyumbani tukabaki sisi wazee, watoto, na vitoto vya mbuzi visivyoweza safari. Nani avilinde? Msichana, nani mwingine! Darasa la binti yako likabaki na wasichana watatu. Walimu wakasikitika. Wewe ulikasirika, ukawatumia akina mama ujumbe: "Waje nao."

"Waje na nani?"

"Na mbuzi wao! Kwani nimesema simba?"

Ukajenga zizi nyuma ya jiko, miiba na mabati mabovu. Kila kibuzi kikavishwa shingoni utepe wa gunia, kila msichana na rangi yake. Makapi ya maharage yakawa yao. Mwalimu aliita majina darasani, wewe uliita tepe zizini. Utepe wa bluu usipoonekana, ulifunika sufuria ukaenda mwenyewe hadi kwao, na viatu vyako vya mvua, vumbi nyuma yako. Wasichana wakafika ishirini na mmoja.

Sasa sikia. Hujamaliza hata miezi mitatu kaburini, kamati ya shule ikapata habari kwamba wageni wanakuja. Mwenyekiti akasema zizi linanuka. Wakalibomoa asubuhi, na mchana miiba yako ilikuwa kuni. Nilipowaambia wangoje kwanza, nikajibiwa, "Bibi, haya ni mambo ya maendeleo."

Wageni wakaja, wakakuta darasa safi lisilo na wasichana. Wakaitisha semina kutafuta sababu. Nami nikaitwa, nikapewa kiti cha plastiki na chupa ya maji. Bwana mmoja akakaa na kalamu yake.

"Bibi, tatizo hasa ni nini?"

"Mbuzi."

Akaandika: mila. Darasa langu la nne linanitosha kusoma neno la herufi nne.

"Mwanangu, sijasema mila. Nimesema mbuzi. Hawana pa kuwekwa."

"Tunakuelewa sana, Bibi." Akapiga mstari chini ya mila.

Kitendawili, mdogo wangu. Wamekaa saa nne, wamekula, wamekunywa, wamepiga picha, wameondoka. Wameacha nini? Viti vya kurudisha. Na fulana za kijani zilizoandikwa MSICHANA ASOME. Binti yako alipata moja. Anaivaa akichunga mbuzi.

Huyo binti ndiye kidonda changu. Yuko darasa la saba na mtihani wa mwisho ni mwezi ujao. Baba yake, huko malishoni pamoja na ng'ombe waliobaki, ametuma neno kwamba vile vibuzi vinane ndivyo mwanzo wa kundi jipya, mbweha asiviguse. Simlaumu shemeji, anasema kweli. Nikajitolea kuvilinda mimi ili mtoto aende shule. Siku ya pili nikasinzia, mbweha akaondoka na kimoja. Tangu hapo mtoto haondoki. "Mama mkubwa, wewe pumzika," ananiambia, kama vile mimi ndiye niliyezaliwa juzi. Mwalimu wake akatuonya: akikosa wiki moja tena, mtihani hafanyi.

Basi Jumatatu nikawavisha wale saba waliobaki tepe zao, nikawaswaga hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikamfunga mmoja kwenye mguu wa meza.

"Bibi, hii ni ofisi!"

"Naiona. Ina kivuli kizuri."

"Jambo hili lazima kamati ikae kwanza."

"Ikae. Na sisi tunakaa." Nikavuta kiti. "Wewe ni msomi, niambie. Kati ya hawa saba na yule aliye nje, nani ana mtihani mwezi ujao?"

Mbuzi mmoja akaanza kutafuna ratiba ya vipindi. Mwalimu mkuu akatazama dirishani. Mtoto wako alikuwa amesimama uani na fulana yake ya kijani, daftari kwapani, hajui aingie au akimbie.

"Aende darasani," akasema. "Hawa wafungie stoo ya kuni kwa sasa. Na hilo zizi, lijengeni. Mwenyekiti niachie mimi. Lakini watoe hawa, Bibi, tafadhali!"

Kwa hiyo mwaka huu hakuna hotuba. Ndugu, jamaa na majirani mnaosoma haya, tukutane Jumamosi asubuhi nyuma ya jiko la shule. Mwenye nguzo aje na nguzo, mwenye bati aje na bati. Mwenye maua ayaache kwake, mbuzi watayala.

Limebaki letu wawili. Siku ile hospitalini, sauti yako imekwisha, ukasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nafunga mlango huku, unafunguka kule."

Nikawaza hadi nikashindwa. "Nipe mji," ukasema. Nikakupa mji mkubwa kuliko yote niliyowahi kuisikia, nawe ukaenda nao, na jibu usinipe. Mwaka mzima umeniacha hivyo!

Jumatatu niliwasukumia wale saba ndani ya stoo, nikatia komeo. Palepale nikasikia mlango wa darasa la saba ukilia, mtoto wako anaingia.

Nimelipata jibu, mdogo wangu. Nirudishie mji wangu.

Unakumbukwa na mumeo aliye malishoni, binti yako aliye darasani, wasichana wa tepe zote, na dada yako mwenye hasira. Tutakukumbuka siku zote kwa upendo, na wakilibomoa tena, tutakukumbuka kwa kelele.