Chai ya Mama Oliva

Bashay, 6 Mei 2024

Mwanangu Oliva,

Mjukuu wangu anaendeleaje, na kidonda chako cha upasuaji? Mimi mzima, ila mama yako hali si nzuri. Ugali haupiti kooni, hata uji unarudi. Daktari alinivuta pembeni akasema ni saratani, imeshaenea, nimrudishe tu nyumbani. Kwenye simu mimi sisikii bila kupiga kelele, na mama yako angesikia, ndiyo maana nakuandikia.

Anachotaka ni chai ya maziwa. Niliyopika ilikuwa chungu, akainywa kwa kunionea huruma. Tangu nimuoe sijawahi kukaa jikoni. Inapikwaje?

Baba yako,
Bura

Basotu, 10 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Nimesoma nikalia mpaka mtoto naye akalia. Kidonda kimefunguka, nesi hajaniruhusu kusafiri.

Chemsha maji, tia maziwa. Yakianza kupanda, tia majani kidogo, uepue. Yakichemka sana ndiyo uchungu huo. Tangawizi acha, hata akiiomba, itamchoma. Chuja, tia sukari, halafu ipoze kabisa, baba. Mpe kwa kijiko, akiwa ameketi.

Mwambie nakuja.

Mwanao,
Oliva

Bashay, 21 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto ananyonya vizuri?

Chai ilikubali. Juzi mama yako alimaliza kikombe, akasema, "Bura, kumbe siku zote ulikuwa unaweza!" Tulicheka sana.

Leo kijiko cha kwanza kimetokea puani. Akaniambia, "Wewe pika tu, nisikie harufu." Nikapika, nikamshikia kikombe karibu na uso mpaka kikapoa. Anauliza unafika lini. Nimemwambia kesho. Nimemdanganya.

Baba yako

Basotu, 24 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Nesi amekubali, Alhamisi napanda basi. Mtoto sijampa jina, namngojea mama ampe yeye. Muulize, hata kama ni kwa kunong'ona. Festo dereva atakuletea barua hii mkononi.

Mwanao

Bashay, 26 Mei 2024

Mwanangu Oliva,

Baba yako mdogo Sulle ameshakupigia simu, najua. Mama yako alikata roho alfajiri, nimemshika. Barua yako Festo aliileta tukiwa tumeshamfunika.

Wanawake wamejaa jikoni. Niliingia kuwasha moto, jirani yetu Benedikta akasema, "Mzee, toka, kakae na wanaume." Nikatoka.

Mtoto mpe jina mwenyewe. Tutakungoja ndipo tuzike. Njoo polepole, mvua imeharibu barabara, na hakuna tena wa kumuwahi.

Baba yako