Sufuria ya shaba ya wifi Shukri

Mejumaa, usimfungulie Shukri mlango. Nasema usimfungulie!

Shoga, wifi yangu nusura aniulie mtoto. Ile sufuria ya shaba ya bibi yao ndani ilitiwa bati jeupe. Yeye kaona ni uchafu! Kaisugua kwa mchanga na ndimu mpaka bati lote likatoka, ikang'ara kama dhahabu. Kisha kaloweka ukwaju humo tangu jana.

Areeba wangu kanywa gilasi moja tu ya ukwaju huo, akatapika kijani. Kijani, Mejumaa! Daktari asema yuko salama, lakini angeongeza ya pili ningekuwa nalia sasa hivi.

Namuuliza Shukri, anijibu, "Mabibi walipikia shaba, hawakufa."

Akila wangu wa kidato cha tatu akamwambia, "Shangazi, shaba na chuma na jamaa zao huachia elektroni kwa idadi tofauti. Elektroni zao za nje na za tabaka la ndani zimekaribiana nguvu, kwa hivyo shaba hutoa moja, au hutoa mbili. Hewa na ukali wa ukwaju vikaichukua shaba ikaingia majini. Bati ndilo lililokuwa likizuia."

Unajua alivyomjibu mtoto? "Mimi sili elektroni, nala chakula." Bila haya!

Kabeba sufuria lake kapanda tuktuk, yuaja kwako, ati akutengenezee achari ya harusi ya Ijumaa, kwani asema wewe ndiwe ujuaye vyombo vya kale.

Na ukwaju uliobaki kautia chupani. Asema ni zawadi ya wanao.