Nilikwenda Unguja, na Ndafu Ananisubiri Rombo

Mpendwa Mama Ebenezeri, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana haya sijamwambia hata padri, na majina yote nimeyabadili.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, kwetu ni Mkuu, Rombo, nasoma uuguzi Poland mwaka wa pili. Desemba iliyopita wenzangu watatu wa bwenini, wote wa huku huku, walipanga kwenda kupumzika Zanzibar wakati wa likizo ya Krismasi, siku saba, ndege inatoka huku inashuka Unguja moja kwa moja, wakanibembeleza niende nao kwa sababu mimi ndiye ninayejua Kiswahili, nami nilikuwa nimechoka, Mama, baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa na jua nilikuwa sijaliona vizuri tangu Oktoba, nikakubali kabla sijafikiri, na nilipofikiri nikajiambia nitakaa nao siku tatu halafu nipande mlimani nyumbani niwashtukize.

Sikupanda. Wewe unatujua, Mchaga awe ndani ya Tanzania siku ya Krismasi halafu asifike nyumbani, labda awe amelazwa au amefungwa. Lakini siku ile ya kwanza nimejilaza kwenye mchanga nikafikiria kuamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe, kupikia watu arobaini, kuzungushwa kwa kila shangazi naulizwa naolewa lini, nikaona hapana, mwaka huu na mimi nipumzike. Nikajifungia bafuni ili mawimbi yasisikike, nikampigia mama nikamwambia niko Poland, nina mitihani, theluji imefika dirishani. Mama akasema, "Pole mwanangu, vaa soksi mbili. Jumuiya nzima tutakuombea." Nikakata simu nikarudi kuogelea, na Mungu anisamehe, niliogelea kwa raha.

Siku ya tano asubuhi, mpishi anayekaanga mayai pale hotelini akanitazama sana, kisha akanisalimia kwa Kirombo. Nikajifanya sielewi. Akacheka. "Acha hizo, dada. Wewe si wa kwa mzee Sirili, pale juu ya soko? Mimi Rogath, nimesoma na kaka yako Julius. Mbona hujapanda? Mzee anajua uko huku?" Nilimsihi mpaka machozi yakanitoka, akaapa hatasema, ila yale mayai sikuyala.

Sasa tatizo lenyewe ni hili. Tangu naondoka, baba amekuwa akininoneshea ndafu, yule mbuzi dume aliyehasiwa, anafungwa ndani na kulishwa maganda ya ndizi, achinjwe siku nikirudi. Krismasi watu walitaka achinjwe, baba akakataa katakata, wakanunua nyama buchani. Kila Jumapili ananiambia kwenye simu, "Ndafu wako yupo, amenenepa mpaka kusimama ni kazi." Narudi Julai, ukoo wote umeshaalikwa, na kwetu kabla ya kuchinja baba hushika kichwa cha mnyama mbele ya wazee akatamka maneno ya baraka, yaani atasema mbele ya Mungu na mbele ya waliotutangulia kwamba mwanangu huyu alizuiwa na masomo. Naogopa, Mama. Baraka ikitamkwa juu ya uongo si inageuka kuwa kitu kingine? Simu ya nyumbani ikiita naigeuza kifudifudi kwanza ndipo napokea, na Rogath alikwenda Rombo Pasaka, sijui kama alisema au hakusema, baba hajabadilika, mama naye ananiongelesha vizuri tu, ila siku hizi ananiuliza nimekula nini, habari za mitihani hazigusi tena. Je, ninyamaze mpaka Julai ipite? Nimtafute kwanza Rogath nijue amesema nini? Au niseme, nimvunje baba moyo?

Mwenye hofu, Poland

*

Marahaba, mwanangu. Kwenye soksi mbili nilicheka kidogo, unisamehe.

Kuchoka si dhambi, na bahari ya Unguja haijakataza Warombo. Ungemwambia mama yako kwamba mwaka huu unakwenda kupumzika na wenzako, nyumbani utafika siku mbili tu, wangenung'unika, shangazi wangesema Ulaya imekuharibu, na mambo yangeisha kabla pombe ya mbege ya Krismasi haijaisha. Lakini wewe ulikwenda bafuni ukamdanganya mama, na watu wakapiga magoti kuuombea mtihani ambao haupo. Hapo sikubembelezi.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe, pale mwishoni. Mama gani wa kwetu ana mtoto anasoma Ulaya, ameombewa na jumuiya nzima, halafu asiulize majibu? Mimi nimezaa wanne, na kila mmoja nilimuuliza matokeo mpaka akanikimbia. Mama yako anajua. Rogath alimwambia yeye au alimwambia Julius, ni yale yale. Baba yako hajui, la sivyo asingekuwa anakusimulia unene wa mbuzi. Maana yake ni kwamba tangu Pasaka mama yako anakula meza moja na mumewe huku akikufichia. Wewe unaogopa simu ikiita. Yeye anamenya ndizi kila siku, maganda anampelekea huyo huyo ndafu, na anajua.

Kwa hiyo achana na Rogath, hana kosa. Mpigie mama kwanza, umwombe msamaha kwa kumbebesha mzigo huo, na usimweleze habari za baridi. Kisha mwambie Julius akate jani la isale kwenye uzio wa kihamba, shamba lenu la migomba, ampelekee baba kwa jina lako. Mzee akiliona atajua kuna mtoto anaomba msamaha, na kwa mila zetu hawezi kukataa kukusikiliza. Lakini isale haliongei. Dakika ile ile piga wewe mwenyewe, useme: "Baba, Krismasi nilikuwa Unguja." Halafu nyamaza, umwache aseme yote.

Atakasirika. Huenda akamchinja ndafu wiki hii hii akala na majirani, na Julai ukapewa maharage. Kula maharage, hutakufa. Ila ukimwacha mzee wa watu ashike kile kichwa, atamke mbele ya ukoo maneno ambayo mkewe na mpishi wa hoteli wanajua si kweli, utakuwa umemwaibisha nyumbani kwake mwenyewe, na hapo sitakuwa na ushauri wa kukupa.

Umebadili majina, ni sawa. Lakini Mkuu kuna wazee wangapi wenye binti Poland na ndafu asiyeweza kusimama? Jumatano nilikuandikia kwamba barua yako inatoka leo, hukunijibu. Gazeti hili linafika stendi ya Mkuu saa nne asubuhi. Chukua simu.

Mama Ebenezeri