Masale ya Kaburi la Baba Neema

Jumatano, mchana. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini mlima bado umejifunika, na migomba inadondosha maji kana kwamba haijapata habari. Neema amelala. Naandika haraka kabla hajaamka kudai ziwa.

Leo bendera ya shule imerudi juu kabisa. Siku zote za maombolezo ya taifa ilikuwa nusu mlingoti, naiona kila nikienda kukata majani ya ng'ombe. Asubuhi nilipoikuta juu nilishukuru, na sio kwa sababu nzuri. Nilisema moyoni, haya, na zamu yao imekwisha.

Niseme tu. Nimemwonea wivu mjane.

Mama Brayani ni jirani yangu, nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Mume wake alikuwemo kwenye lile basi la ajali iliyoliza nchi nzima. Jumamosi tulimzika kwenye kihamba chao, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa, kama tunavyozikana huku. Wamekuja wakubwa, zimekuja kamera, wamekuja watu wasiomjua hata sura.

Baba Neema wangu alikufa mwaka jana, mvua kama hizi, pikipiki ikateleza mteremkoni na madumu ya maziwa. Neema alikuwa na miezi mitatu. Barabara ilikuwa tope, waliopanda kuja ni wachache. Jina lake lilisomwa kanisani tu, na likasomwa vibaya. La Baba Brayani limesomwa redioni.

Nisionekane mbaya wa moja kwa moja. Nilishuka mjini kuchangia damu kwa ajili ya majeruhi. Foleni ilikuwa ndefu, masista, mashehe, madereva wa bodaboda, wote wamekunja mikono ya nguo. Nesi akaniuliza kama nanyonyesha, akanirudisha. Nikapanda nyumbani na damu yangu yote na wivu wangu wote.

Na siku ya mazishi nimemenya ndizi tangu alfajiri. Walikuja kina mama wa Kiislamu kutoka Pasua na masufuria yao ya pilau, wakakaa chini na sisi wakashika visu. Mama Joyce wa jumuiya yetu hakuwaacha: "Nyie wa Pasua, hiyo ni ndizi au mnachonga penseli?" Mmoja akamjibu bila kuinua kichwa, "Mama, wewe subiri ule pilau ndio useme." Tukacheka msibani, tukafuta machozi na mikono yenye utomvu.

Wimbo wa taifa ulipoimbwa pale kaburini wazee walivua kofia. Nililia kweli. Niliipenda nchi hii mpaka kifua kikauma, na hapo hapo nikaiuliza, mwaka jana ulikuwa wapi?

Sasa lile lililonikalisha kuandika.

Mazishi yalipokwisha nilirudi nyumbani kunyonyesha. Mzee Aloyce, baba mdogo wa Baba Brayani, akanifuata na panga. Kwetu kaburi hupandwa masale, yale majani marefu ya kijani yasiyokubali kufa, na ya kwa Baba Neema yameshonana vizuri kuliko yote hapa jirani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Naomba miche miwili mitatu hapo kwa mzee wako, tukampandie mwenzake."

Nikamwambia hapo hapakatwi. Angeishia hapo nisingekuwa na la kuandika, ila mdomo uliendelea wenyewe: "Nchi nzima imewaletea kila kitu. Kakateni huko kwenye nchi nzima."

Mzee aliligeuza panga lake chini, akaondoka.

Jumatatu turubai zilishushwa, magari yakaondoka. Jana nilipita na mzigo wa majani nikaliona kaburi. Mashada yale makubwa yameoza kwa mvua, utepe umelala kwenye tope. Hakuna isale hata moja.

Leo, nikiitazama ile bendera, nikakumbuka mtori.

Mwaka jana, siku tisa mfululizo, kulikuwa na sufuria ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, mlangoni kwangu kabla jua halijatoka, ili maziwa yasinikauke kwa kulia. Alikuwa anauleta Mama Brayani. Anaweka, anagonga, anaondoka. Mimi nilikuwa nahesabu wasiokuja. Aliyekuja sikumhesabu.

Nikaenda kwa Baba Neema nikakata isale moja, nikalifunga fundo. Huku kwetu ukimkosea mtu unampelekea hilo, na akipokea, maneno yamekwisha. Nilivuka mfereji Neema yuko mgongoni, nanyatia kama mwizi. Habari ya mdomo wangu ilikuwa imemfikia, hilo nilijua. Angeweza kuniacha nimesimama na jani langu.

Nilimkuta peke yake jikoni, moto umezima. Nikamnyooshea isale.

Aliliangalia sana. Akalipokea, akaliweka mapajani.

"Kaa," akasema. "Wameondoka wote. Wewe ulifanyaje walipoondoka?"

Nikamwambia ukweli: "Nilikula mtori wako." Akacheka kidogo, kisha akalia, nami nikawasha moto nikaanza kumenya ndizi. Hakusema mambo ya redio wala kamera. Alisema tu kitanda kimekuwa kikubwa. Hilo nalijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuja na gari.

Neema anajigeuza, ataamka sasa hivi.

Alfajiri nitang'oa miche mitatu na mizizi yake, nimpelekee pamoja na sufuria ya mtori, na nitapita kwanza kwa Mzee Aloyce nimwombe aje na panga lake. Wivu bado upo, sidanganyi. Lakini huo utabaki nyumbani uangalie kuku.