Mraba wa Sakafu ya Ghala la Tatu

Mzee Athumani,

Barua zetu huanza kwa kuuliza hali. Yako siwezi kuiuliza tena, na yangu nikikwambia ni njema nitakuwa nimeongeza uongo juu ya ule niliokwisha kukufanyia. Basi nianze na huo.

Ile sakafu sikuigusa.

Ijumaa ya mwisho nilipokuja kwako Kibokoni na taarifa ya wiki, ulikuwa kitandani, kifua kinakoroma. Ukaniuliza kama ulivyoniuliza kila Ijumaa: "Kahindi, umeigusa kwa mkono wako, au waambiwa?" Nikajibu, "Nimeigusa, Mzee." Nilijibu upesi, kama mtu anayeitikia salamu. Ukanitazama kidogo, ukasema, "Haya, mwanangu. Iwate hapo taarifa, n'tapaka rangi nikipata nguvu." Jumapili asubuhi nikaletewa habari kwetu Majengo kwamba umefariki.

Miaka yote uliyokuwa karani wa maendeleo ya kazi, chati ile ya ukutani ofisini ilikuwa kama amana kwako. Kila kazi na mraba wake kila wiki: penseli ya buluu ikiwa bado yaendelea, nyekundu ikiisha. Na nyekundu hukuipaka mpaka ushuke mwenyewe bandarini ukaitie kiganja kazi yenyewe. Nyapara akikwambia, "Tumemaliza, inshallah," ulikuwa ukicheka. "Inshallah ni ya kesho," ulimwambia. "Ya leo ni alhamdulillahi." Mimi kijana wa Rabai, niliyefika ofisini sijui hata kushika rula, ulinikokota nawe juani kila asubuhi. Siku moja ulinikuta nimesimama kivulini, nahesabu nguzo kwa mbali. Ulinikaripia mbele ya vibarua mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Ndipo ikaja mashine ya kadi. Wajua ilivyokuwa kabla yake: siku mbili nzima nanakili maandishi yako, nachapa, nakosea, narudia, na taarifa ikimfikia injinia imeshachacha. Sasa nyapara anajaza fomu, wasichana wanatoboa kadi, mashine inazisoma na kuichapa taarifa yote kabla chai haijapoa. Fomu ile niliitengeneza mimi, na nilijivuna nayo kama bwana harusi. Hata wewe ulipitisha kidole juu ya mistari yake ukasema, "Mashaallah, hati yake nzuri kuliko yako."

Lakini kuna jambo hukuambiwa. Siku moja, wewe ukiwa nje bandarini, injinia aliniuliza kama bado tunamhitaji mzee wa kuzunguka. Nikasema, "La." Neno moja tu, na sikulifikiria hata kidogo. Mwezi uliofuata ukapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri.

Hukununa. Ulichora chati yako mwenyewe nyuma ya ramani kuukuu, ukaikunja ukaitia sandukuni, ukaniomba nikuletee taarifa kila Ijumaa baada ya alasiri. Hukupaka rangi mbele yangu hata mara moja, na mimi sikujiuliza kwa nini. Wiki za mwanzo nilishuka kweli, nikagusa kila kitu, nikaja na vumbi mikononi. Kisha zikaja mvua, kisha ukaja uvivu. Taarifa imeshachapwa, imenyooka, niende kutafuta nini? Wiki moja nikasema nimegusa, na sikugusa. Ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliitembea wiki saba.

Jumatatu baada ya kukuzika nilikwenda Ghala la Tatu. Nilitaka kuigusa sakafu yako, ingawa nimechelewa. Taarifa ilisema imekwisha. Nilikuta pembe moja nzima haina zege, vyuma vitupu, na maji ya mvua yametuama. Nyapara Mwinyi hakunificha kitu. "Fomu mwazitaka Ijumaa saa sita," alinambia, "nasi saa sita twenda msikitini. Basi twazijaza Alhamisi. Twaandika tutakachomaliza, inshallah."

Na aliyeandika "Ijumaa saa sita" kwenye fomu ni nani? Ni mimi, nisiyekwenda msikitini, wala sikuwauliza wanaokwenda. Mashine haikudanganya, ilisoma tulichoipa. Kadi ina matundu ya kila kitu, ya inshallah haina. Wewe ungeisikia kwenye sauti ya Mwinyi kabla hajafunga mdomo.

Siku arobaini, Mzee, nilikuwa silali vizuri. Si kwa sakafu, sakafu humwagwa. Nilikuwa nafikiri kwamba mtu ambaye maisha yake yote hakupaka nyekundu isiyo ya kweli, mimi nimempakisha, tena ikawa ndiyo ya mwisho.

Juzi, baada ya kisomo cha arobaini, Bi Zuhura aliniita akanipa chati. "Mzee alisema ni yako," akanambia. "Jumamosi ile alitaka nimwinue, apake rangi. Nikamwinua, kapaka." Sikuweza kuikunjua mbele ya mjane wako. Nilikwenda nayo nyumbani, nikatafuta raba, nikaketi. Nilikusudia kuufuta ule wekundu, angalau jina lako lisafike.

Mraba wa sakafu ni wa buluu.

Niliipeleka chati dirishani, nikidhani macho yananichezea. Kisha nikahesabu kurudi nyuma. Wiki nilizokwenda, nyekundu. Wiki saba nilizokudanganya, buluu, kila mraba. Ulijua! Mikono yangu isiyo na vumbi ilikwambia. Kila Ijumaa uliniuliza nawe wajua, ukanimiminia kahawa, ukanisogezea kaimati, ukasema, "Haya, mwanangu." Kumbe ulikuwa wanipa nafasi ya kusema kweli, na mimi nakula kaimati. Laiti ungenikaripia kama siku ya nguzo. Ningejitetea, ningekasirika, ningepata pa kushika.

Jina lako halikuwa na doa la kusafishwa. Raba nimeirudisha mtotoni mwa meza.

Jana nilimwambia injinia fomu zikusanywe Jumamosi asubuhi, na kabla kadi hazijatobolewa mtu apite akaguse. Akauliza nani. Nikasema mimi. Nikamwambia pia kwamba lile "La" nililomjibu lilikuwa kosa, na kwamba aliyelilipia si mimi. Alivuta karatasi, akaandika agizo, akatia sahihi.

Leo nimeshuka Ghala la Tatu. Pembe imemwagwa, imekauka. Nilipiga magoti nikaiwekea kiganja chote. Ina baridi, na karibu na mlango ina mkwaruzo ambao taarifa yoyote isingeuona. Nilipita kwa Bi Zuhura kabla sijanawa, nikamwonyesha mkono. Akanipa penseli yako nyekundu. Ninayo mfukoni, lakini mraba ule sitaupaka. Ule ni mkono wako, na ulisema kweli.

Mungu akulaze pema, Mzee wangu. Mengi siwezi kukuahidi, maana neno langu unalijua uzito wake. Nakuahidi hili moja: nikiulizwa kama nimegusa, na sikugusa, nitasema sikugusa.

Mwanao,
Kahindi