Mikono Iliyoganda

Jumanne, 10 mwezi wa tisa

Tangu asubuhi napiga kwa kompyuta kazi ya mwanafunzi mmoja wa kilimo. Ukurasa baada ya ukurasa juu ya magonjwa ya muhogo. Mwandiko wake mbaya sana. Sina neno, ndiyo kazi yangu.

Saa za mchana fundi wa intaneti akaja, Eliya, yule mrefu. Aliniandikia kwenye karatasi: «Dada Feza, programu ya modem iko ya zamani. Nafanya mise à jour, naweka mpya, haikawie.» Taa zikazimika, zikawaka, zikazimika tena. Alijaribu kwenye kompyuta. Inaenda mbio. Akaniinulia dole gumba, akaenda zake.

Jioni nilimpigia Riziki, rafiki yangu wa shule, video kama kawaida. Picha ikaja, ikaganda. Mikono yake iko juu, vidole wazi, mdomo nusu. Ikabaki hivyo. Nikakata, nikapiga tena. Ikaganda tena.

Alikuwa ananiambia kwa mikono «nilianguka». Sijui alianguka wapi.

Jumatano, 11 mwezi wa tisa

Vilevile. Kompyuta imefungwa kwa waya, haina shida hata kidogo. Lakini haina kamera. Simu inatumia wifi, na wifi ndiyo imeharibika. Inashika, inaachia. Inashika, inaachia. Nikitumia rezo, mtandao wa simu yenyewe, ni mbaya zaidi, humu chumbani haifiki vizuri.

Watu wanaosikia hawawezi kuelewa hasara hii. Wao picha ikiganda, sauti inaendelea. Sisi picha ikiganda, neno limekufa.

Kumwandikia Riziki si dawa. Tulikuwa bweni moja katika shule ya viziwi kule Bukavu, lakini yeye baba yake alipokufa aliitwa nyumbani Luvungi kusaidia mama yake shambani. Kusoma kulibaki njiani. Kwa mikono anasema vizuri kuliko wote niliowahi kuwajua. Kwa herufi anakuwa mtu mwingine, maskini wa maneno.

Nimemwandikia: «Ulianguka wapi?» Akajibu: «Feza mimi ona mbaya. Mikono yako giza.»

Hata kwake picha ni mbaya, basi.

Ijumaa, 13 mwezi wa tisa

Eliya alirudi. Akajaribu kwenye kompyuta, akaridhika. Kisha akaanza kueleza, lakini alimweleza Mama Bora, mwenye nyumba wangu, ambaye alikuwa amekuja tu kuanua nguo. Wakaongea wawili, mbele ya mlango wangu, juu ya modem yangu. Alinipa mgongo.

Nilimgonga begani. Nikamwandikia: «Ongea na minye, si na Mama Bora.» Aliona haya. Akaandika: «Modem iko muzuri, dada. Pengine simu yako ndiyo imechoka.»

Simu ni ya zamani, kweli. Lakini kabla ya Jumanne haikuwa imechoka.

Nina hasira. Nimekula viazi baridi.

Jumamosi, 14 mwezi wa tisa

Nimehamisha modem dirishani. Nimeirudisha. Nimeiweka juu ya kabati. Nimesukuma kitanda hadi ukuta wa pili ili nikae karibu nayo. Nimezima, nimesubiri, nimewasha.

Jioni tulipata kipande kidogo. Riziki alisema kwa mikono: «Njiani kuelekea kisimani. Shimo.» Nikasema: «Uliumia?» Uso wake ukasogea karibu sana na simu, nikaona paji la uso tu. Kisha ikaganda. Paji la uso la Riziki, limejaa kioo chote.

Nililiangalia muda mrefu. Sikutaka kukata.

Jumapili, 15 mwezi wa tisa

Kanisani. Naketi nafasi ileile, karibu na nguzo, naangalia midomo. Kwaya ilipendeza, sare za bluu. Baadaye wamama walinisalimia vizuri. Mikono yao inajua maneno machache: kula, njoo, lala, Mungu. Mama Bora anafungua mdomo wake wote akisema nami, kama anataka nione chakula chake kilipopita. Ni mtu mwema. Anaosha vyombo vyangu nikiwa na homa. Lakini hatujawahi kuongea jambo lolote.

Wiki nzima karibu sijasema sentensi kamili. Niligundua nikiwa njiani. Mikono ilikuwa inajisemea yenyewe, chini chini, ndani ya mifuko ya koti.

Jumatatu, 16 mwezi wa tisa

Nimefanya upumbavu.

Nyuma ya modem kuna kitundu. Nilisoma kwenye intaneti kwamba ukichoma humo na sindano, kila kitu kinarudi upya. Nikachoma. Kila kitu kilirudi upya, kweli. Jina la wifi limepotea, neno la siri limepotea, na mambo ambayo Eliya aliyaweka ili modem ishikane na kampuni, nayo yamepotea. Sasa hata kompyuta haina kitu. Taa nyekundu.

Mwanafunzi wa muhogo alikuja kutafuta kazi yake. Nilimpa kwenye funguo ya USB. Wengine wawili wanasubiri niwatumie zao, sina njia.

Nililia kwa sababu ya sindano. Mtu mzima.

Jumanne, 17 mwezi wa tisa

Mvua. Taa nyekundu.

Nilikwenda hadi ufukweni mwa ziwa, simu mkononi, kutafuta rezo. Nilipata kidogo karibu na mahali wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwani. Nikampigia Riziki. Hakushika. Wanawake wa ndagala waliniangalia.

Alhamisi, 19 mwezi wa tisa

Eliya amekuja, safari hii na muda. Aliketi kwenye kiti, akanitazama usoni, akasema polepole, na pale nilipokosa mdomo wake aliandika. Nadhani Mama Bora alimwambia neno. Au aliwaza mwenyewe. Sikumuuliza.

Kwanza alirudisha yale niliyoyafuta na sindano. Hakunicheka. Kisha akaomba simu yangu, akakaa nayo, akaiona mwenyewe ikishika na kuachia. Akampigia mwenzake.

Shida ni hii: modem inatoa mawimbi mawili. Moja linakwenda polepole lakini linafika mbali. La pili lina mbio lakini likikutana na ukuta linachoka. Zamani kila moja lilikuwa na jina lake, na simu yangu ilikaa kwenye lile la polepole kwa amani. Mise à jour iliyaweka yote mawili chini ya jina moja. Simu ya zamani haijui kuchagua. Inaruka huku, inaruka kule, na kila ikiruka, picha inaganda. Eliya ameyatenganisha, majina mawili kama zamani. Aliandika: «Unisamehe dada. Nilikuwa naangalia kompyuta tu.»

Nilimpa chai. Nilikuwa na furaha nyingi.

Kabla ya giza nilimpigia Riziki. Picha safi. Safi kuliko zamani. Niliona hata kitambaa chake cha njano, na mbuzi wakipita nyuma yake. Nikasema: «Imepona! Imepona! Sema yote, anza na shimo.»

Macho yake yalizunguka kwenye kioo kama ya mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Akauliza: «Modem imepona kabisa?» Nikasema kabisa. Akauliza tena. Nikasema kabisa, fundi ametoka sasa hivi.

Akasema: «Mikono yako bado giza.» Akakata.

Ijumaa, 20 mwezi wa tisa

Hashiki simu. Nimepiga asubuhi, nimepiga saa ya kula, nimepiga jioni. Ameandika: «Mimi choka.»

Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma: nina wivu. Nadhani amepata mtu. Au amepata marafiki wengine, wale viziwi wa Kamanyola wanaokusanyika sokoni, aliwahi kunisimulia habari zao. Giza ni kisingizio. Mtu akikuchoka husema haoni vizuri.

Wifi inafanya kazi mchana kutwa na sina wa kumpigia.

Kesho nakwenda Luvungi.

Jumapili, 22 mwezi wa tisa

Nimerudi. Jana sikuandika, nililala kule.

Safari ilikuwa tulivu. Kwenye bariyeri moja askari aliniambia neno, nami nikawa natazama mashamba ya mpunga. Dereva alimweleza, akagusa sikio lake. Askari akanipungia mkono nipite, kama mtoto. Nimezoea.

Toka barabarani nilichukua pikipiki. Riziki alikuwa uani, anamenya muhogo, amenipa ubavu. Nikasimama pembeni yake, karibu kabisa, nikapunga mkono. Sisi viziwi tunaona pembeni kuliko watu wote, ndiyo masikio yetu. Shuleni Riziki alikuwa wa kwanza kumwona mwalimu anayekuja. Jana hakugeuka. Nikapunga tena. Aliendelea kumenya. Mama yake akatoka ndani, akaniona nimesimama pale na mkono juu, akaanza kulia kabla hata ya kunisalimia.

Nikazunguka, nikapiga magoti mbele ya Riziki. Hapo ndipo aliponiona. Alifurahi sana. Kisha akauona uso wangu.

Tuliongea mchana wote kwenye mwanga mkali. Shida ya macho ilianza mwaka jana, usiku tu. Jua likizama yeye anapofuka. Akadhani ni uchovu. Kisha pande zikaanza kufunga. Sasa anaona katikati tu, anasema ni kama kutazama ndani ya mpapai. Ukikata jani la mpapai, ule mrija wa kikonyo chake. Shimo la kisimani halikuwa la kwanza kuanguka. Muuguzi wa Luvungi alimpa dawa ya matone. Nami kila jioni nilikuwa nampigia saa zilezile ambazo macho yake yanamwacha.

Tulimjua mmoja hivyo shuleni, wa darasa la mbele yetu. Kiziwi kama sisi, kisha macho yakajifunga pande zote. Riziki ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka chooni. Hatukulitaja jina lake. Tulikuwa tunamfikiria wote wawili.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Mwanzo aliendelea kumenya. Kisha akaweka kisu chini, akasema, na nayaandika kama alivyosema:

«Siku zile modem yako iliharibika, minye nilifurahi. Picha ilikuwa mbaya kwako, mbaya kwangu. Nikasema, basi, ni rezo. Si macho. Nilikuwa naomba Mungu fundi asirudi. Weye ukanipigia, ukasema imepona.»

Minye niliyekuwa na wivu.

Jua lilipozama tuliingia kwenye baraza. Kulikuwa na taa ndogo ya sola, haikumsaidia. Akanyamaza, mikono mapajani. Ndivyo anavyokaa kila jioni, mama yake aliniambia kwa ishara zake chache. Anakaa hivyo hadi kulala. Nikachukua mikono yake, nikaiweka juu ya yangu, nikaanza kusema. Aliivuta. Alikasirika. Nilijua anamwona yule wa shuleni. Nikasubiri, nikaichukua tena. Akaivuta tena.

Mara ya tatu aliiacha.

Nilimwambia habari za magonjwa ya muhogo, yote niliyoyapiga kwa kompyuta, kwa sababu sikupata jambo jingine. Madoa ya majani, kuoza kwa mizizi. Alisahihisha mambo mawili. Kisha akacheka. Kucheka kwake nilikuhisi kwenye vidole.

Asubuhi nilimwambia ahamie kwangu Uvira. Alikataa. Mama hawezi kuachwa, na nyumba ile anaijua hata bila macho. Minye siwezi kuishi Luvungi, kazi yangu iko hapa. Tulisema hivyo bila kugombana. Mwezi ujao, barabara ikiruhusu, tutapanda wote wawili Bukavu kwa daktari wa macho. Hatuna matumaini makubwa. Tunakwenda.

Jumatatu, 23 mwezi wa tisa

Nimeandikiana na mwalimu wetu wa zamani wa Bukavu. Alijibu mara moja. Anasema mtu anayeona katikati tu, usimkaribie, rudi nyuma, ili uso na mikono vyote viingie ndani ya ule mrija. Ishara ndogo, zisipite mabega. Nguo nyeupe isiyo na maua, ili mikono ionekane. Mwanga mbele yako. Na kuongea mchana, si jioni.

Miaka yote nilisema na Riziki kwa mikono mikubwa, maana nilikuwa na furaha kumwona.

Mama Bora ameniazima blauzi yake nyeupe ya kanisani. Nilimwandikia sababu yote, karatasi nzima, mara ya kwanza kumwandikia zaidi ya mstari. Alisoma amesimama. Akakunja karatasi, akaenda kuileta blauzi.

Jumatano, 25 mwezi wa tisa

Jua la saa nane. Nimefungua dirisha lote. Simu nimeiegemeza kwenye rafu, nami nimekaa mbali nayo, mgongo ukutani.

Riziki alishika. Macho yake yalitafuta, yakanipata, yakatulia.

Hatukuongea sana. Anachoka upesi, na kuna maneno yalimpita. Hakusema chochote juu ya macho, wala minye sikusema. Aliuliza kama ziwa limetulia. Nikasema limetulia. Aliuliza nimekula nini.

Nikamwambia: bugali na ndagala.

Akasema nirudie, polepole, hakuona neno la mwisho.

Nikarudia.